Fumbo la Zamu Lililomliza Binti Yetu

 

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya mtihani mmoja wa mbali, na juu ya neno moja la hapa karibu. Neno lenyewe ni lile ambalo mama akishalitamka mbele ya mtoto wake huchukua miaka kufutika: "Wewe huna akili." Wengi wetu tumelisema. Tulikuwa tumechoka, ada ilikuwa imelipwa kwa shida, na matokeo yakaja mabaya. Tulilisema kwa hasira tukalisahau jioni ile ile. Mtoto hakulisahau.

MTIHANI WENYEWE

Huko Marekani kijana haanzi kusoma sheria mara tu anapotoka sekondari, kama ilivyo hapa kwetu. Humaliza kwanza shahada ya somo lingine, halafu ndipo huomba nafasi katika chuo cha sheria, ambako kwa kawaida husoma miaka mitatu. Ili aombe, mara nyingi hutakiwa kufanya mtihani uitwao LSAT, ambao umekuwapo tangu mwaka 1948. Alama zake huanzia 120 na mwisho wake ni 180. Mtihani huu hauulizi kifungu chochote cha sheria. Unapima jinsi mtu anavyosoma na jinsi anavyofikiri.

Kwa miaka mingi sehemu moja ya mtihani huo ilikuwa ya mafumbo ya kupanga. Mwanafunzi alipewa watu kadhaa na siku kadhaa, au wageni na viti, au mizigo na magari, pamoja na masharti machache. Kisha aliulizwa nani anaweza kuwa wapi, na nani hawezi kabisa. Mafumbo yalikuwa manne, yenye maswali kama 23 kwa jumla, na muda wake ulikuwa dakika 35 tu. Yaani kila fumbo lilipata chini ya dakika tisa.

Binti wa dada yetu anaishi na wazazi wake katika jimbo la Minnesota, ambako wako watu wengi waliotoka Afrika Mashariki. Mama yake hutunza wazee, na mara nyingi ni zamu za usiku. Mwaka 2023 binti huyu alifanya mtihani huo. Sehemu za kusoma alizimudu vizuri. Kwenye mafumbo alimaliza mawili tu kati ya manne, na kengele ikalia. Matokeo yalipotoka yalikuwa ya chini.

Mama yake alikuwa ametoka kazini asubuhi, miguu imevimba. Akamwambia, "Wenzako wanafaulu, wewe una nini kichwani? Kumbe tumeacha kwetu kwa ajili ya nini?"

Binti alitupigia simu huku analia. Na sisi, wapendwa, hatukufanya vizuri zaidi. Tulikuwa mlangoni tunaelekea kazini. Tukamwambia, "Omba, mwanetu, Mungu atafungua njia," tukakata simu. Hatukukosea kumwambia aombe. Tulikosea kuishia hapo. Mtoto aliomba mkate, nasi tukampa salamu. Wiki tatu zikapita hapokei simu ya mtu yeyote wa ukoo.

TULIPOKAA NA KARATASI

Ilipofika wiki ya nne alipokea. Hatukumhubiria. Tulisema, "Mwanetu, hebu tusomee fumbo moja tu, tulisikie."

Akasita. "Mama mdogo, haya mambo ni magumu, na ni Kiingereza kitupu."

"Wewe soma. Sisi tutaandika."

Tukachukua karatasi ya ratiba ya wodi ya mwezi uliokwisha, tukaigeuza nyuma. Alipofika katikati ya masharti tulianza kucheka, naye akauliza kwa ukali tunacheka nini. Tulicheka kwa sababu fumbo lile tulilijua. Ni kazi ambayo mkuu wa wodi huifanya kila mwisho wa mwezi: huyu ananyonyesha hawezi usiku, yule aliyetoka zamu ya usiku asiitwe asubuhi yake, na mgeni asiachwe peke yake bila mzoefu.

Hebu nanyi mjaribu. Fumbo lifuatalo si la mtihani wao. Tumelitunga wenyewe kwa umbo lile lile. Chukueni kalamu.

Akina mama sita wa kikundi, Ana, Debora, Lea, Martha, Naomi na Ruthu, wataongoza sala za jioni kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Kila mmoja ataongoza siku moja, na kila siku itakuwa na mmoja tu. Masharti ni haya:

1. Debora ataongoza Jumatano.
2. Ruthu ataongoza siku inayofuata mara tu baada ya siku ya Naomi.
3. Ana ataongoza siku fulani kabla ya siku ya Martha.
4. Lea hataongoza Jumatatu wala Jumamosi.

Swali la kwanza: nani wanaweza kuongoza Jumatatu?

Ukianza kubahatisha utachoka. Watu sita kwa siku sita, bila masharti, wanaweza kupangwa kwa njia 720. Binti yetu ndivyo alivyokuwa akifanya. Anaandika mpangilio, anakuta umevunja sharti, anafuta, anaandika mwingine. Dakika tisa zinakwisha akiwa bado anafuta.

Zamani, tulipokuwa wauguzi wapya, mkuu wetu wa wodi alitufundisha namna nyingine ya kupanga. Alisema, "Anza na asiyeweza kusogea." Kwanza mwandike yule mwenye siku moja tu. Kisha waandike wale wanaokwenda pamoja. Mwisho ndio uwaweke walio huru, maana hao watakaa popote palipobaki.

Basi tuchore vyumba sita kwenye karatasi, kimoja kwa kila siku. Debora hasogei, tumwandike Jumatano. Sasa Naomi na Ruthu. Hao ni kama wale wa kwenye Biblia, hawaachani, kwa hiyo wanahitaji siku mbili zinazofuatana. Kwa kuwa Jumatano imechukuliwa, nafasi zao ni tatu tu: Jumatatu na Jumanne, au Alhamisi na Ijumaa, au Ijumaa na Jumamosi. Mnaona? Tumesoma masharti mawili tu, na zile njia 720 zimeanza kuyeyuka.

Turudi kwenye swali. Jumatatu Debora hayupo, ana siku yake. Lea amekatazwa. Ruthu hawezi, maana lazima Naomi awe amemtangulia. Martha hawezi, maana lazima Ana awe amemtangulia. Wamebaki wawili, Ana na Naomi. Hilo ndilo jibu, na hatukubahatisha hata mara moja.

Sasa jaribuni wenyewe: nani wanaweza kuongoza Jumamosi? Fuateni njia ile ile. Lea amekatazwa, Debora ana siku yake. Naomi hawezi, kwa kuwa hakuna siku ya Ruthu baada yake. Ana hawezi, kwa kuwa hakuna siku ya Martha baada yake. Wanabaki Martha na Ruthu.

Swali lingine: ikiwa Martha ataongoza Alhamisi, ratiba yote itakuwaje? Alhamisi ikishachukuliwa, Naomi na Ruthu wanabaki na nafasi mbili, Jumatatu na Jumanne, au Ijumaa na Jumamosi. Wakikaa Jumatatu na Jumanne, Ana hana pa kukaa kabla ya Martha. Kwa hiyo wanakwenda Ijumaa na Jumamosi. Zinabaki Jumatatu na Jumanne kwa Ana na Lea. Lea haongozi Jumatatu, basi ni Ana Jumatatu na Lea Jumanne. Neno moja, "Martha Alhamisi," limepanga watu wote sita.

Ukimaliza kuhesabu utakuta ratiba zinazokubalika ni tano tu. Kutoka 720 hadi tano! Binti yetu alinyamaza kwenye simu, kisha akasema polepole, "Kumbe masharti hayako pale kunizuia. Ndiyo yanayonisaidia." Tukamwambia, naam, mwanetu, hata nyumbani ni hivyo.

MITEGO MIWILI

Tulipoendelea tukagundua kwamba makosa yake mengi hayakuwa ya kupanga. Yalikuwa ya kusoma kwa haraka. Mitego ilikuwa miwili, na yote miwili tunaijua.

Mtego wa kwanza ni kuongeza neno ambalo halikusemwa. Sharti linasema Ana "kabla" ya Martha. Halikusema siku moja kabla. Inaweza kuwa siku moja, inaweza kuwa tano. Lakini la Naomi na Ruthu limesema "mara tu baada." Maneno haya mawili si sawa hata kidogo. Mama anayesoma karatasi ya dawa anafahamu. "Kabla ya chakula" si sawa na "saa moja kabla ya chakula."

Mtego wa pili ni kugeuza sentensi. Malaria huleta homa, hilo sote tunalijua. Je, ni kweli kwamba kila mwenye homa ana malaria? La hasha! Homa huletwa na mambo mengi, kama nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya matumbo. Ndiyo maana tunawaambia akina mama kila siku kwamba mtoto apimwe kwanza, asipewe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Vivyo hivyo katika mafumbo. Wakikuambia, "Lea akija, Ana atakuja," hawajakuambia kwamba Ana akija basi Lea yupo. Ana anaweza kuja kwa safari zake. Linalofuata kwa uhakika ni hili tu: ukiona Ana hayupo, jua Lea naye hayupo. Kosa linalompoteza mwanafunzi alama ndilo hilo hilo linalofanya mtoto atibiwe ugonjwa usio wake.

ZAMU SI JAMBO GENI KWA MUNGU

Wako watakaosema haya ni mambo ya wasomi, hayahusiani na imani. Hebu tufungue Maandiko. Katika Kutoka sura ya 18, Musa alikaa kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, akachoka, na watu wakachoka. Ni mkwewe Yethro aliyemshauri apange wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Musa alikuwa mtu wa maombi kuliko sisi sote, lakini alihitaji mpango, naye alikubali kuupokea kwa mtu mwingine.

Katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 24 makuhani wamegawanywa katika zamu 24, na ya nane ni ya Abiya. Mkifika Injili ya Luka sura ya kwanza mtamkuta Zakaria, mume wa Elizabeti, naye ni wa zamu hiyo hiyo ya Abiya. Alikuwa kwenye zamu yake hekaluni malaika alipomtokea. Kwa hiyo tunapokaa na karatasi na kalamu kupanga nani aje lini, tusidhani tumetoka katika kazi ya kiroho.

KIPIMO HAKIPIMI KILA KITU

Sasa lipo jambo jingine ambalo tunataka kila mama alisikie.

Mwanamume mmoja wa jimbo la Michigan, asiyeona, alitamani kusoma sheria. Mafumbo haya yakamshinda. Sababu haikuwa uvivu. Njia waliyofundishwa wanafunzi ya kuyafungua ilikuwa ya kuchora, kama tulivyochora vile vyumba sita. Mtu asiyeona atachoraje, na akichora atautazamaje mchoro wake? Mwaka 2011 alifungua kesi. Shauri lilichukua miaka mingi. Mwaka 2019 chombo kinachoendesha mtihani huo kilifikia mapatano, kikakubali kutafuta namna nyingine ya kupima ndani ya miaka minne. Mwezi Juni 2024 mafumbo yalitolewa kwa mara ya mwisho, na kuanzia mtihani wa Agosti 2024 sehemu hiyo haipo tena. Mahali pake pameongezwa sehemu ya pili ya kupima hoja kwa maneno.

Fikirini, wapendwa. Kwa miaka mingi vijana waliambiwa kwamba asiyeweza mafumbo haya hana kichwa cha sheria. Kisha siku moja sehemu ile ikaondolewa, na vyuo vya sheria vikaendelea kama kawaida. Je, wale waliokata tamaa kwa ajili yake, na wale walioitwa wajinga na wazazi wao, nani atawarudishia neno lile?

Sisi wauguzi hutumia kipimajoto kila siku, wala hatukidharau. Lakini kipimajoto kinakuambia mgonjwa ana joto kiasi gani. Hakikuambii ana ugonjwa gani, wala hakikuambii yeye ni mtu wa namna gani. Mtihani nao ni kipimo. Tuusome kwa makini, tumwandae mtoto kwa bidii, lakini tusiufanye kuwa hakimu wa mtoto wetu.

MAMA AFANYE NINI?

Huenda mtoto wako hatafanya mtihani wa Marekani. Lakini atafanya wa darasa la saba, wa kidato cha nne, au wa kuomba kazi. Tunawapa mambo machache tuliyojifunza kwa kukosea.

Kwanza, mtoto akishindwa, usimuulize ana nini kichwani. Muulize, "Nionyeshe swali lililokushinda." Hata kama hulielewi, keti naye akueleze. Mara nyingi akieleza kwa sauti anaona mwenyewe alipopotea.

Pili, mzoeshe kupanga mapema. Mwache mtoto wa miaka kumi apange zamu za vyombo, kuteka maji na kufagia uwanja kwa wiki nzima, akizingatia nani ana masomo ya ziada lini. Akikosea, ugomvi wa Jumatano utamfundisha kuliko fimbo.

Tatu, mfundishe kuanza na jambo lisilosogea. Hii ni kwa masomo, na ni kwa maisha. Hata wewe, mama unayelalamika kwamba wiki haitoshi, andika kwanza yasiyosogea: ibada, kliniki ya mtoto, siku ya kulala. Ndiyo, siku ya kulala nayo iandikwe. Mengine yatakaa palipobaki.

Nne, omba pamoja naye, kisha usikate simu.

Na mama uliyekwisha kulitamka neno lile, hujachelewa. Dada yetu alisikia kwamba binti yake na mama yake mdogo wanakesha kwenye simu wakipanga zamu za watu wasiokuwepo. Asubuhi moja, kabla ya kulala, akaketi kando ya meza akasema, "Na mimi nifundishe." Binti akamfundisha. Walipofika kwenye mama anayetoka zamu ya usiku na hawezi kuitwa asubuhi, dada yetu akasema, "Huyo ni mimi," wote wawili wakacheka, halafu akamwomba mwanawe msamaha. Dada yetu mwenyewe ndiye aliyetusimulia, na ametupa ruhusa tuwaandikie.

Binti alirudia mtihani. Mafumbo alimaliza matatu kati ya manne, na la nne akajibu nusu yake. Chuo alichokitaka sana hakikumchukua. Kingine kilimchukua, naye alianza masomo ya sheria Agosti 2024, mwezi ule ule mafumbo yalipoondolewa. Alitupigia simu siku hiyo. "Mama mdogo, wameyaondoa! Na mimi nimeteseka bure?" Tukamjibu kwamba hakuteseka bure. Alijifunza kupanga, na mama yake alijifunza kuomba msamaha.

Tunawaachia swali moja mlifanye jioni hii pamoja na watoto mezani. Katika fumbo letu la sala, ikiwa Lea ataongoza Ijumaa, Naomi ataongoza siku gani, na wengine je? Msitazame jibu hapa chini kabla ya kujaribu.

Hadi mwezi ujao, Bwana azilinde nyumba zenu, na awape hekima ya kupanga na upole wa kusema.

Jibu: Lea akiwa Ijumaa, Naomi na Ruthu hawawezi kuwa Alhamisi na Ijumaa, wala Ijumaa na Jumamosi. Wanabaki na nafasi moja: Naomi Jumatatu, Ruthu Jumanne. Debora ni Jumatano kama kawaida. Zimebaki Alhamisi na Jumamosi kwa Ana na Martha, na Ana ndiye anayetangulia. Kwa hiyo Ana ni Alhamisi na Martha ni Jumamosi.